Upinde Upi Unakufaa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kutumia kurasa hizi kujibu suali ambalo nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi, na sasa nimeanza kuulizwa na wazazi pia. Tangu tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2014 na kuenea majumbani mwetu, vijana wengi wametamani kujifunza kulenga kwa upinde. Hilo si baya, bali ni jema. Lakini kila mmoja anataka upinde aliouona mkononi mwa shujaa, na hapo ndipo penye tatizo.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja, kijana wa miaka kumi na tatu. Akaniambia, "Maalim, huyu mwanao amenikosesha raha. Nimeweka akiba ya miezi minane ya kubadilisha bati za jikoni, naye anataka nimnunulie upinde wa ratili arubaini. Anasema chini ya hapo ni wa kuchezea watoto. Nifanye nini?" Nikamwomba asitoe hata senti moja mpaka nifike nyumbani kwake nimpime kijana.

Niliyasema hayo kwa sababu mimi mwenyewe nimeshaumia. Upinde wangu wa kwanza niliununua mwaka 2016 kwa kuagiza. Muuzaji aliniambia kuwa ratili hamsini ndio upinde wa mwanamume, nami sikupenda kujiona si mwanamume. Ulipofika nikauvuta mbele ya ndugu zangu, mkono ukatetemeka kama wa mtu mwenye homa, nikauachia kabla sijalenga. Niliendelea hivyo hivyo kwa wiki tatu kwa ubishi tu. Mwishowe bega la kulia likaniuma hata nikawa siwezi kuinua mkono vizuri wakati wa takbira, na ilinichukua zaidi ya miezi mitatu kupona. Upinde ulikuwa mzima na mzuri, ila haukuwa wangu.

Asili ya jambo lenyewe

Wanafunzi wa darasa la juu wanaijua aya ya 60 ya Suratul Anfal, inayowaamrisha Waislamu waandae nguvu kadiri ya uwezo wao. Katika hadithi aliyoipokea Uqba bin Amir (r.a.), ambayo imo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) akiwa juu ya mimbari alieleza mara tatu kwamba nguvu hiyo ni kurusha. Uqba mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi hata alipokuwa mzee. Aliulizwa kwa nini ajitaabishe kwenda na kurudi baina ya shabaha mbili katika umri ule, naye akajibu kwamba kama si maneno aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) asingejitaabisha. Maneno yenyewe ni makemeo kwa mtu anayejifunza kurusha kisha akaacha.

Tuzingatie hapo. Makemeo ni kwa mwenye kuacha. Na anayenunua upinde uliomshinda ndiye wa kwanza kuacha, kwani atautungika ukutani baada ya mwezi na kusema kazi hii ni ngumu.

Je, upo upinde mmoja wa Sunna?

Vijana huuliza hivi: "Maalim, upinde wa Sunna ni upi, ili tununue huo huo?" Ibnul Qayyim katika Zadul Maad ametaja kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na pinde sita, na kila mmoja ulikuwa na jina lake. Mmojawapo ni al-Katum, ulioitwa hivyo kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo unapopigwa, nao ulivunjika siku ya Uhud mwaka wa 3 Hijria, akauchukua Qatada bin Nu'man (r.a.). Mwingine ni as-Safraa, yaani wa njano.

Pinde za Hijazi wakati ule zilikuwa za mti, na mti uliosifika zaidi ni nab', unaoota milimani. Baadhi ya wataalamu wa lugha ya Kiarabu wamesema kuwa nab', shiryan na shawhat ni mti mmoja uliopewa majina tofauti kwa kadiri unavyoota: ulio kileleni ni nab', na wa chini zaidi una jina jingine. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, maana yanaonyesha watu walivyouangalia mti hata kabla haujawa upinde.

Ipo riwaya katika Ibn Majah inayosifu upinde wa Kiarabu na kuushutumu wa Kiajemi, na wako wanaoishikilia. Lakini isnadi yake imedhoofishwa na wanavyuoni wa hadithi, na Waislamu wameutumia upinde wa Kiajemi na wa Kituruki karne baada ya karne bila ya kukatazana. Kwa hiyo mwenye kutafuta upinde asitafute jina. Sahaba Abu Talha (r.a.) alivuta kwa nguvu hata akavunja pinde mbili au tatu siku ya Uhud, kama ilivyo katika Bukhari, lakini hakuna aliyewaambia Masahaba wengine wote wavute kama Abu Talha.

Pinde za pembe za Waosmani

Upinde unaoonekana katika tamthilia, ule mfupi wenye ncha zilizopinda kwa mbele, asili yake ni upinde wa tabaka. Katikati una ubao, mara nyingi wa mti wa maple. Upande unaomwelekea mpigaji umebandikwa pembe ya nyati wa kufugwa wa Asia, kwani pembe hustahimili kubanwa. Upande wa nje umebandikwa kano za ng'ombe zilizochambuliwa nyuzi nyuzi, kwani kano hustahimili kuvutwa. Vyote hushikanishwa kwa gundi ya mnyama, ikiwemo ya kibofu cha samaki, kisha huachwa vikauke taratibu. Fundi wa kweli huchukua mwaka na zaidi kumaliza upinde mmoja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuzaji hatakwambieni. Gundi ya mnyama hulainika kwa unyevunyevu. Waosmani walizihifadhi pinde zao mahali pakavu penye joto la kiasi. Sisi hapa Tanga chumvi huyeyuka ndani ya kopo na vitabu hushika ukungu wakati wa masika. Upinde wa pembe halisi utadhoofika na kujipinda kabla mwenyewe hajajua kuutumia. Anayetaka umbo lile na anunue uliotengenezwa kwa mbao au mianzi pamoja na faiba, ile ile inayotengenezewa boti na matangi ya maji. Hauogopi unyevu, bei yake ni ndogo sana kuliko wa pembe, na haumdhuru mtu wala heshima yake.

Lakini kubwa zaidi la kujifunza kwa Waosmani ni utaratibu wao wa kufundisha. Baada ya kuufungua mji wa Istanbul mwaka 1453, Sultan Muhammad wa Pili aliutenga uwanja wa wapiga mishale uitwao Okmeydanı, na baadhi ya nguzo za mawe zilizowekwa kuonyesha mishale mashuhuri ilipoangukia zimebaki mpaka leo. Mtu hakuhesabiwa kuwa mpiga mishale mpaka afikishe mshale umbali wa gez 900, ambazo ni karibu mita 600. Hata hivyo mwanafunzi hakuanza na upinde wa kufika huko. Alianza na upinde dhaifu kabisa uitwao kepaze, akauvuta na kuurudisha taratibu bila mshale, siku baada ya siku, mpaka mwili ukazoea. Kisha akaruhusiwa kupiga gunia lililoshindiliwa, akiwa karibu nalo. Pinde zilizidishwa nguvu hatua kwa hatua chini ya macho ya mwalimu.

Neno hilo kepaze katika Kituruki cha leo lina maana ya kitu au mtu wa kudharauliwa. Nadhani mnaona kwa nini. Kila mtu aliudharau upinde ule, na kila bingwa alipitia kwake.

Vitabu vya Kiarabu vya fani hii navyo, kama kile alichokiandika Taybugha zama za Mamluki, karne ya 14, vinafuata njia hiyo hiyo: mpigaji awe na nguvu kuushinda upinde wake. Laiti ningelijua hilo kabla ya mwaka 2016.

Tulivyompima kijana

Nilifika nyumbani kwao Jumamosi. Kijana akanipokea, "Shikamoo Maalim," nikaitikia, na mama yake akaniazima futi ya kushonea. Tukamsimamisha ukutani akanyosha mikono yote miwili, tukapima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya cha mkono wa pili. Ikawa sentimita 155, yaani inchi 61. Ukigawa kwa mbili na nusu unapata inchi 24 na kidogo. Huo ndio urefu wa mvuto wake kwa makadirio, yaani umbali ambao upote, ule uzi wa upinde, utarudi nyuma anapovuta hadi pembeni ya mdomo. Wanaovuta kwa kidole gumba hadi nyuma ya sikio, kama Waturuki, huongeza inchi mbili au tatu.

Kwa nini hesabu hii ni muhimu? Kwa sababu ratili zinazoandikwa kwenye upinde hupimwa ukiwa umevutwa inchi 28. Kila inchi inayopungua hupunguza ratili mbili au mbili na nusu hivi, na kila inchi inayozidi huongeza kiasi hicho hicho. Hivyo upinde ulioandikwa 40 ungekuwa ratili 31 au zaidi mikononi mwa kijana yule, na ulioandikwa 25 ungekuwa kama ratili 16 au 17. Mwanafunzi wa umri wake anatakiwa aanze baina ya 15 na 20. Watoto wadogo zaidi, 10 hadi 15 zinawatosha. Mwanamke mtu mzima 20 hadi 25, na mwanamume mtu mzima 25 hadi 30. Naam, 25 hadi 30 hata kama anabeba magunia bandarini, maana misuli inayovuta upinde ni ya mgongo baina ya mabega, na misuli hiyo kazi nyingine hazifundishi.

Kijana alinuna. Nikampa upinde wangu mwingine wa ratili 30, nikamwambia avute taratibu, ashikilie nikihesabu hadi kumi, kisha arudishe taratibu bila ya kuuachia. Nilipofika nne mkono wa kushoto ulikuwa unacheza, na bega limepanda mpaka sikioni. Hicho ndicho kipimo cha kweli na hakihitaji futi wala hesabu. Upinde ukiweza kuuvuta na kuushikilia hadi kumi bila ya kutetemeka, bega likiwa limetulia chini, na ukaweza kurudia mara ishirini na tano au thelathini kwa mapumziko mafupi, huo ni wako. Ukikushinda, ni wa mtu mwingine kwa sasa.

Tukapima na jicho. Watu wengi hawajui kuwa jicho moja huongoza jingine, na si lazima liwe la upande wa mkono unaoandikia. Nyosha mikono mbele, fanya tundu dogo kwa viganja, tazama kupitia tundu hilo kitu cha mbali ukiwa umefumbua macho yote mawili, kisha vuta mikono polepole hadi usoni bila kukipoteza kile kitu. Tundu litakwenda kwenye jicho linaloongoza. Kijana yule ni wa kulia kwa yote. Dada yake wa miaka kumi na moja, ambaye alikuwa akichungulia mlangoni na hatimaye akaomba apimwe naye, jicho lake ni la kushoto, kwa hiyo tukamwelekeza ashike upinde kwa mkono wa kulia na kuvuta kwa wa kushoto. Mtu akinunua upinde uliochongwa mahali pa kuweka mshale kwa upande mmoja tu kabla ya kujua hili, anaweza kujikuta na kitu asichoweza kukitumia.

Wa dukani au wa kuchonga?

Si lazima kuagiza mbali. Pinde za mti mmoja zimekuwepo kwetu tangu zamani. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi huziwinda nyama zao kwa pinde za mti wanazochonga wenyewe, na Waata wa nyika ya Tsavo nchini Kenya walisifika kwa pinde nzito za kuwindia tembo. Msidhani kuwa walizaliwa na mabega hayo. Mtoto wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo akiwa bado mchanga kabisa, na upinde hukua pamoja naye. Ni kepaze ile ile, ila bila jina.

Mti wa mkole hutumika kwa fimbo na pinde kwa kuwa hupinda bila kukatika upesi. Anayechonga na auache mti ukauke kivulini, afuate nyuzi za mti bila ya kuzikata upande wa nje, na afanye upinde uwe mrefu kupita mara mbili ya mvuto wake. Kwa kijana wetu ingekuwa zaidi ya inchi 50, na 60 ni salama zaidi. Upinde mfupi wa mti mmoja ukivutwa sana huvunjika, nao huvunjikia karibu na uso.

Mabomba ya maji ya plastiki nayakataza kabisa. Najua vijana huyapasha moto na kuyakunja yakafanana na upinde. Plastiki ile huchoka kwa jua, na siku ikipasuka hutoa vipande vikali kama vya chupa.

Ukishaupata

Kabla ya kulipa, vua upote na uangalie kama mikono miwili ya upinde imenyooka, kisha utie upote uangalie tena kama inapinda sawasawa. Pitisha pamba juu ya upinde wote. Pamba ikinasa, hapo pana ufa au mchomo, achana nao. Mishale nayo ipitishiwe pamba kila siku ya mazoezi, hasa ya mianzi.

Mshale lazima ulingane na upinde. Unapoachiwa, mshale hujipinda kidogo ukiuzunguka upinde kisha hunyooka. Ulio mgumu kupita kiasi kwa upinde dhaifu utakwenda upande, na mwanafunzi atajilaumu bure. Ulio laini mno kwa upinde mzito unaweza kupasuka mkononi. Urefu wake uzidi mvuto wako kwa inchi mbili, usije ukauvuta ukaingia nyuma ya mkono.

Usiuachie upote kamwe bila mshale. Nguvu iliyotakiwa kwenda na mshale hurudi katika upinde wenyewe na kuuvunja. Nimeona wageni wakiuchukua upinde mezani na kufanya hivyo kwa mzaha, kwa hiyo mimi wageni siwapi. Ukimaliza vua upote, na usiuache upinde juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Na tuzijue adabu zake. Mtume (s.a.w.) aliamrisha kwamba mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Alimlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na Ibn Umar (r.a.) aliwakemea vijana aliowakuta wamemfunga ndege wakimlenga. Basi kunguru, paka na kuku wa jirani wamo ndani ya katazo hilo. Kuwinda nako kwa sheria za Tanzania kunahitaji kibali, na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Shabaha yetu ni gunia lililoshindiliwa makumbi na nguo kuukuu, nyuma yake kifusi cha udongo, na hakuna anayekwenda kuokota mshale mpaka wote waweke pinde chini.

Yule mzazi alinunua upinde mmoja ulioandikwa ratili 25, usio na upande, ili watoto wake wawili wautumie kwa zamu, na pesa zilizobaki akanunulia bati. Tulikubaliana na kijana kwamba atapanda ratili tano siku atakapoweka mishale sita mfululizo ndani ya duara la sahani kwa hatua kumi na tano, kisha arudie wiki inayofuata. Mpaka ninapoandika makala hii ameweka minne. Dada yake ameweka mitano, na kila Alhamisi baada ya Alasiri hugombea nani aanze.

Wanaotaka kupimwa waje na futi ya kushonea siku hiyo, nyuma ya madrasa.

Wabillahi tawfiq.